Mwanangu anachimba kihamba akitafuta hazina: nimnyang'anye kitabu cha maharamia?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 11, yuko darasa la sita hapa Moshi. Likizo hii aliazima maktaba kitabu cha hadithi kuhusu kijana anayesafiri baharini na maharamia kutafuta hazina kisiwani. Alikimaliza kwa siku chache, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake, kisha akakianza upya. Baada ya hapo yeye na binamu zake wakachora ramani ya kihamba (shamba la nyumbani) cha babu yao kule Kibosho, na sasa wamechimba shimo linalonifika kiunoni chini ya mti wa mringaringa. Babu aliwahi kuwasimulia kwamba Wajerumani walipokimbia vita walifukia sanduku la fedha maeneo yale. Kuna jamaa mmoja mtu mzima amesikia habari hizo, amekuja mara mbili na mashine inayolia. Anawaambia watoto "mzigo" upo na akipata kianzio kidogo atawasaidia kuutoa, ila wasitangaze. Dada yangu anasema kitabu chenyewe ndicho kibaya, kimejaa wizi, ulevi na mauaji, nimnyang'anye. Baba yake anasema tumwache, ni utoto tu. Je, kitabu kinamharibu mtoto? Na hizo hazina zina ukweli wowote?

JIBU: Dada yangu, umeniuliza kuhusu kitabu, lakini ndani ya maelezo yako kuna mambo mawili yanayonitia hofu kuliko kitabu: shimo, na huyo jamaa wa mashine. Naanza na shimo kwa sababu haliwezi kungoja nimalize maneno yangu mengi.

Shimo linalokufika wewe kiunoni linamfika mtoto wa miaka 11 karibu na kifua, tena akiwa amesimama wima. Akiinama kuchimba, kichwa kinakuwa chini ya ukingo. Udongo wa kihamba unapendwa na migomba kwa sababu ni laini na unashika maji, na kwa sababu hizohizo kuta za shimo huporomoka bila kutoa onyo, hasa mvua ikinyesha au mfereji ukipita jirani. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja. Mtoto akifukiwa hadi kifuani anashindwa kutanua mbavu avute pumzi, hata kama kichwa kiko nje. Lifukieni leo, watoto wenyewe wakisaidia, na uwape sababu hii kama nilivyokupa, maana mtoto anayesoma riwaya nzima anaweza kuelewa uzito wa udongo. Wakitaka kuendelea na michezo yao, kanuni iwe goti: shimo likifika gotini limeisha.

Sasa kitabu. Mtoto ambaye hukuwahi kumwona akimaliza kitabu amekimaliza kimoja, halafu akakirudia. Sisi tunaofanya kazi ya kuwachagulia watoto vitabu huwa tunahangaika mwaka mzima kutafuta kitu cha namna hiyo, na kwako kimekuja chenyewe wakati wa likizo. Kabla hujakitoa mkononi mwake, tazama kwanza kilivyomnasa.

Riwaya ya hazina ina ufundi wake. Mapema kabisa kijana wa kwenye hadithi anapata siri ambayo wakubwa wanaitaka, mara nyingi ramani, na msomaji anaipata papo hapo pamoja naye. Kuanzia hapo wote wawili wanajua kitu kilekile na wanakosa kitu kilekile. Mwandishi anajibu swali moja anaacha mawili, sura inakatika mlango ukiwa unagongwa. Mtoto akikutana na neno asilolijua, omo, tezi, mlingoti, demani, hasimami. Analikisia kutokana na habari inavyokwenda na kusonga mbele, kwa sababu anachotaka ni kujua anayegonga ni nani. Msamiati unaongezeka kwa njia hiyo, kidogokidogo na bila mtu kumkaririsha. Mtoto wa mlimani ambaye pengine hajawahi kupanda hata mtumbwi sasa anajua mbele na nyuma ya jahazi panaitwaje. Na anapokirudia kitabu anafanya kazi ngumu zaidi: sasa anajua nani msaliti, kwa hiyo anazikagua zile dalili ndogo zilizompita mara ya kwanza. Hapo ndipo anapoanza kuona kuwa hadithi imeundwa na mtu.

Kuhusu ramani yake, nikuongezee habari moja. Mwaka 1881, huko Braemar, Scotland, mvua ikiwa imewafungia ndani, Robert Louis Stevenson alichora ramani ya kisiwa cha kubuni akiwa na mtoto wa mkewe, kijana wa miaka 13. Ile ramani ndiyo iliyozaa Treasure Island, iliyotoka kama kitabu mwaka 1883, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu maharamia wa hadithini inatoka humo: alama ya msalaba kwenye ramani, kasuku begani, mguu mmoja na gongo. Kwa maneno mengine, mwanao na binamu zake wameshika njia ileile, tofauti ni kwamba wao wana jembe.

Dada yako hayuko peke yake. Wazazi wengi wanaamini mtoto akisoma kuhusu mwizi atajifunza wizi. Lakini sisi sote tumelelewa na Sungura, ambaye katika ngano zetu anaiba, anadanganya na anawauza rafiki zake, na Abunuwasi naye si wa kumwachia mfuko wa fedha. Hatukutoka majambazi. Mtoto wa umri huo anajua vizuri kwamba anasoma hadithi, na ukitaka kumpima mwangalie anavyoishi, maana alichosoma hakikwambii mengi. Je, anaiba? Anawapiga wadogo zake? Katika maelezo yako sijaona lolote la hivyo. Nimeona mtoto aliyechora ramani na kuwashawishi binamu zake kufanya kazi ya jembe wakati wa likizo bila kulazimishwa na mtu, na hilo nalo nadhani linastahili pongezi kidogo.

Tena kuna jambo ambalo riwaya nzuri ya maharamia inalifundisha kuliko vitabu vingi vya maadili tunavyowapa watoto. Mtu hatari kuliko wote humo huwa ndiye anayependeza kuliko wote. Anamwita kijana mwanangu, anamsikiliza, anamsifia akili, anamchekesha, na muda wote anapanga njama. Mtoto anayesoma analazimika kubeba mawazo mawili juu ya mtu mmoja: nampenda, na simwamini. Watu wazima wengi wameshindwa somo hilo, na limewagharimu mashamba.

Umeuliza kama hazina zenyewe ni za kweli. Maharamia walikuwepo kweli, lakini wengi wao hawakufukia chochote. Meli zao nyingi zilikuwa na mkataba ambao mabaharia waliuwekea saini kabla ya safari: nani anapata mafungu mangapi, na anayepoteza mkono au mguu vitani anafidiwa kiasi gani. Nahodha kwa kawaida alipata fungu moja na nusu au mawili tu. Mali ikishagawanywa, kila mtu alikwenda kuzitumbua zake bandarini. Na sehemu kubwa ya walichopora haikuwa dhahabu. Ilikuwa vitambaa, sukari, kamba, matanga, chakula. Mwaka 1718 Edward Teach, yule aliyejulikana kama Blackbeard, aliuzingira mji wa Charleston huko Marekani kwa meli zake, na alichodai ili awaachie mateka ni sanduku la dawa za hospitali. Msimulie mwanao hilo, kisha muulize anadhani kwa nini.

Kisa cha kufukia kinachojulikana vizuri ni cha William Kidd, aliyeficha sehemu ya mali yake katika kisiwa cha Gardiners karibu na New York mwaka 1699. Serikali ilikwenda kuichimbua muda mfupi baadaye, na Kidd akanyongwa London mwaka 1701. Kwenye bahari yetu hii ya Hindi kuna Olivier Levasseur, Mfaransa aliyeshiriki kuteka meli ya Wareno iliyojaa mali pale Réunion mwaka 1721, akanyongwa kisiwani hapohapo mwaka 1730. Inasimuliwa kwamba akiwa kwenye kitanzi alirusha karatasi yenye maandishi ya mafumbo katikati ya watu. Kwa sababu ya masimulizi hayo kuna waliotumia miaka mingi ya maisha yao kuchimba na kutoa maji kwenye mashimo huko Mahé, Shelisheli. Hazina haijaonekana.

Turudi Kibosho. Usimfanye babu mwongo mbele ya wajukuu zake, maana hadithi ya sanduku la Mjerumani ameikuta kama wengine tulivyoikuta. Sioni wilaya huku kwetu isiyokuwa na yake. Lakini ipime na historia. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia kutokea upande wa Taveta Machi 1916, wakapigana usiku kwenye vilima vya Latema na Reata, na katikati ya mwezi huo Moshi ikawa mikononi mwao. Wajerumani hawakutawanyika kama watu waliofumaniwa. Walirudi nyuma kwa mpangilio, wakapigana tena Kahe tarehe 21, na walikuwa na reli ya Tanga iliyokuwa imefika Moshi tangu 1911. Mtu mwenye treni hafukii sanduku chini ya mti.

La pili ni kwamba serikali yao wakati huo ilikuwa inahangaika kupata fedha. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu zikaadimika, wakaanza kuchapa noti humuhumu nchini, na mwaka 1916 wakafyatua sarafu kule Tabora: sarafu ndogo za shaba zilizoitwa hela, na sarafu za dhahabu za rupia 15 zipatazo elfu kumi na sita, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja wa ile sarafu ya dhahabu kuna tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima ambao mwanao anauona kila asubuhi mawingu yakiwa yameondoka. Serikali iliyofikia hatua hiyo haikuwa na masanduku ya ziada ya kuacha njiani. Siwezi kukuapia kwamba hakuna mlowezi hata mmoja aliyefukia visarafu vyake kabla ya kuondoka. Vita hufanya watu wafiche vitu. Lakini kutoka hapo hadi sanduku chini ya mringaringa wa babu ni mbali sana.

Sasa huyo jamaa. Mashine yake inalia, ndiyo, na itaendelea kulia. Kifaa cha namna hiyo hutoa nguvu ya sumaku na kusikiliza kinachojibu kutoka ardhini. Kinajibiwa na metali yoyote, na udongo wenye madini mengi ya chuma unaweza kukidanganya. Udongo wa Kilimanjaro umetokana na volkano, madini hayo umejaaliwa. Ongeza misumari, vipande vya majembe, visoda, mabaki ya bati na betri za redio za zaidi ya miaka mia ya watu kuishi pale. Akipima kwa jirani itamlilia pia.

Mwendo wa utapeli huu unajulikana. Kwanza kianzio kidogo ambacho mtu haoni uchungu kukitoa. Halafu mzigo unakuwa na mlinzi, inatakiwa dawa, au kuku, au mafuta ya bei mbaya ambayo yeye ndiye anayejua yanapouzwa. Ukikaribia kupatikana unahama kwa sababu mmoja wenu ana shaka moyoni. Wengine humaliza kwa kuleta sarafu bandia zilizochakazwa makusudi ili zionekane za zamani. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba amekwenda kwa watoto na akawaambia wasitangaze. Mtu mzima asiye ndugu anayewaomba watoto siri ni wa kuzuiwa palepale, hata kama nia yake ni fedha tu. Watoto wanajua nani yuko nyumbani saa ngapi, na babu anaweka wapi vitu vyake.

Hapa kitabu kinakusaidia. Badala ya kumpigia mwanao kelele, kaa naye umuulize: katika hadithi yako, nani alimchekea kijana kuliko wote? Alianza lini kumsifia? Alikuwa anataka nini? Mwache ajibu mpaka mwisho, atajibu kwa raha kwa sababu anakijua kitabu hicho kuliko wewe. Kisha muulize yule jamaa wa mashine anataka nini. Usimmalizie. Wengi wa umri wake hufika wenyewe, na akifika mwenyewe atawalinda hata binamu zake.

Ndiyo maana siungani na dada yako, wala siungani moja kwa moja na baba watoto. Ukimnyang'anya, kitabu kitasomwa chini ya blanketi au hakitasomwa tena, na jina lako litaungana na kumalizika kwa raha yake ya kwanza ya kusoma. Ukimwacha tu, kama baba anavyosema, anayebaki kumfafanulia hadithi ni mtu wa mashine. Kisome na wewe. Vitabu vya umri huo si virefu, jioni chache zinatosha, na baba naye asome sura moja moja kwa sauti. Watoto wa kiume wakimwona baba na kitabu huwa wanakumbuka. Mkifika penye mauaji au ulevi usiruke. Sema unavyoona, msikilize anavyoona yeye.

Na ramani msiitupe, iboresheni. Darasa la sita tayari wanafundishwa dira na skeli, lakini wengi wanazijua kwenye karatasi ya mtihani tu. Chukueni kamba ya mita kumi, atembee kwa mwendo wake wa kawaida kutoka mwanzo hadi mwisho, ahesabu hatua, agawanye, ajue hatua yake moja ina urefu gani. Kisha apime kihamba chote kwa miguu: kutoka mlango wa babu hadi mfereji, kutoka mfereji hadi banda la ng'ombe, kila hatua kumi iwe sentimita moja kwenye daftari. Mkitumia dira, mwonyeshe inavyoweza kupotoka ikisogezwa karibu na baadhi ya mawe meusi ya mlimani, kwa sababu nayo yana chuma. Baadaye wewe ndiye ufiche kitu, hata pipi ndani ya kopo, juu ya ardhi, uwape maelekezo ya hatua na pembe. Watalalamika kwamba hakuna dhahabu, halafu watatafuta.

Babu naye ana hazina nyingine asiyoulizwa. Kibosho ilikuwa himaya ya Mangi Sina, mmoja wa watawala wenye nguvu kuliko wote mlimani, ambaye Wajerumani walilazimika kumletea jeshi mwaka 1891. Wachagga walichimba mapango chini ya ardhi kujificha na mifugo wakati wa vita. Marangu yapo ambayo wageni huyatembelea, nendeni na mtu anayeyajua, watoto wasiingie peke yao. Mkipita Arusha, ile boma ya Wajerumani iliyojengwa mwaka 1900 sasa ni makumbusho. Na upo mzinga wa meli uliofika huku kwetu: manowari ya Wajerumani Königsberg ilizamishwa Rufiji Julai 1915, mizinga yake ikatolewa majini na kukokotwa nchi kavu, na mmoja ulipigana Kahe. Kwa mtoto anayependa meli, hilo lilitokea chini ya mlima anaokaa.

Yako mambo ambayo ushauri wa maandishi hautoshi. Jamaa akirudi, au ukigundua kwamba ameshachukua fedha au amewahi kukutana na watoto faragha, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kituo cha polisi, usimfuate peke yako. Simu ya kusaidia watoto ni 116, haina malipo, na wewe mzazi unaweza kuipiga. Watoto wakifukua chuma chochote kinachofanana na risasi kubwa au bomu, hasa mkiwa upande wa Kahe au mpakani kuelekea Taveta, wasikiguse, waondoke, polisi waitwe. Na mtu mzima yeyote anayetaka kuchimba kutafuta vitu vya kale ajue kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadai kibali. Kwa upande wa mwanao, akianza kukwepa shule, kukosa usingizi kwa siku nyingi, kuiba vitu ili apate cha "kianzio", au kujitenga na wenzake aliokuwa anacheza nao, zungumza na mwalimu wake na umpeleke kituo cha afya muonane na mtu ana kwa ana. Kuchora ramani na kutaka kuongelea maharamia wakati wa chakula hakumo kwenye orodha hiyo, hata kama kunachosha.

Siku ya kurudisha kitabu maktaba, nenda naye na umwache achague kinachofuata. Akichukua kingine cha maharamia, mwandikishie.